Nibu Niliyokuletea Kutoka Nanyuki

Baba yangu mpendwa,

Siku uliporudi kutoka kizuizini nilikuwa na miaka minane, na sikukujua. Mama alikuwa akipalilia viazi. Aliinua kichwa, akaona mtu mwembamba amesimama penye kona ya ua, akaachia jembe likaanguka. Mimi nilijificha nyuma ya rinda lake. Uliniita kwa jina langu, Nyambura, jina la mama yako, ukaninyooshea mkono wa kushoto. Nami nilikuwa nimefundishwa kwamba watu husalimiana kwa mkono wa kulia, kwa hiyo nikasimama nikingoja utoe ule mwingine. Hukuutoa. Ulikuwa umeuingiza ndani ya koti, na karibu mwaka mzima ulikaa humo.

Mama ndiye aliyenieleza, kidogo kidogo, kama mtu anayemenya kiazi cha moto. Kabla ya vita vya kudai uhuru ulikuwa mwalimu huku Tetu, katika shule ya watu wenyewe, si ya wazungu, ile iliyofungwa Emajensi, hali ya hatari, ilipotangazwa. Mwandiko wako ulijulikana hadi Gakindu. Watu walivuka mto kuja kuandikiwa barua, na bibi mmoja alibandika yake ukutani ingawa hakujua kusoma. Mkubwa wa homugadi wa kijiji chetu, wale walinzi wa serikali ya wakoloni, alikuwa jirani, mtu mliyechunga naye mbuzi utotoni. Sote tulimwita Hedimani, kwa cheo chake. Alitaka uandike majina ya wote waliokula kiapo cha wapiganaji. Ulikataa. Akauweka mkono wako wa kulia juu ya meza ya kituo, akaupiga kwa kitako cha bunduki mpaka vidole vitatu vikavunjika.

"Mkono ambao hautaki kuandikia serikali," alisema, "hautaandikia mtu mwingine."

Kisha ukapelekwa kambini miaka mitano, na vidole vikapona vilivyotaka, vimekunjika.

Mimi na wewe tulijifunza kuandika pamoja, Baba. Sidhani kuna watoto wengi wanaoweza kusema hivyo. Nilirudi kutoka shule mchana, nikala, nikachukua kibao changu, nawe ukachukua kipande cha kaa. Ulikuwa ukiandika kwenye mbao za zizi la ng'ombe, kwa mkono wa kushoto, ukisimama mbali kidogo kama mtu anayepaka chokaa. Herufi zako za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zangu. Nilicheka. Nilidhani utakasirika, lakini ulicheka pia, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona meno yako.

"Mwalimu Nyambura," ulisema, "wanipa maksi ngapi?"

"Mbili kwa kumi."

"Basi tunarudia."

Tulirudia mpaka mbao zikawa nyeusi. Ulipofika daraja langu, ukanipita. Mwaka mmoja na nusu baadaye mwandiko wako wa kaa ulikuwa umesimama wima, safi, na Mama alikataa kuzifuta zile mbao.

Lakini kaa si wino. Ulipotoa kalamu yako ya zamani ya wino, ile Mama aliyoificha ndani ya mtungi wa maharagwe miaka yote hiyo, mambo yaliharibika. Sikuelewa kwa nini, ukanionyesha. Mtu wa mkono wa kulia huvuta kalamu, na nibu, ile ncha yake ya chuma, ikateleza nyuma ya mkono. Wa kushoto huisukuma. Nibu inachimba karatasi, inakwaruza, inatema matone. Halafu mkono wenyewe unafuata nyuma ya maneno na kuyapangusa kabla hayajakauka. Kila mstari uliouandika, kiganja chako kiliuburura. Ulijaribu kukunja kiwiko, ulijaribu kugeuza karatasi, ulijaribu blotingi, karatasi ya kunyonya wino. Kila jioni ukingo wa mkono wako ulikuwa wa buluu kama wa mtu aliyechuma zambarau.

Biro zilikuwa zimeanza kuonekana madukani, lakini ofisini hazikukubaliwa. Ombi la serikali liliandikwa kwa wino.

Nawe ulikuwa na ombi. Mashamba yalipopimwa na kuunganishwa ulikuwa kambini, na Hedimani alikaa kwenye kamati. Uliporudi ulikuta kipande chetu cha karibu na mto, chenye udongo mwekundu, kimepewa jina lake, nasi tumewekwa huku juu kwenye mawe, mahali ambapo kahawa inashika njano kabla ya kuzaa. Uliandika rufani. Kurasa nne. Nakumbuka ulivyofunga bahasha, ukaiweka juu ya Biblia siku nzima kabla ya kuipeleka. Baada ya miezi miwili ilirudi. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja: Haisomeki. Muda wa rufani ulikuwa umekwisha.

Ulienda ukakamua ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata ulinishika mkono tukatembea hadi mjini Nyeri, maana ulikuwa umesikia kambini, kutoka kwa karani mmoja, kwamba Ulaya kuna nibu zinazotengenezwa kwa watu wa mkono wa kushoto. Tuliingia duka kubwa la vitabu. Ulivua kofia. Kijana aliyekuwa kaunta alikusikiliza mpaka mwisho, akageuka kwa mwenzake.

"Ati nibu ya kushoto! Mzee, hata kiatu ya kushoto peke yake hatuuzi."

Walicheka wote wawili. Uliwaambia asante, ukavaa kofia. Tulikwenda duka la pili, na la tatu. Majuma yaliyofuata ulikwenda peke yako Karatina, ukarudi na nibu tatu za kawaida, ukajaribu kuzinoa upande mmoja kwenye jiwe la panga. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilikwaruza kama msumari. Ya tatu uliitupa katikati ya michai bila kuijaribu, na siku ile nilijua kwamba wewe pia huchoka.

Sasa nataka kukuambia jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai. Nilipopata nafasi shule ya bweni, uliniandikia kila mwezi. Barua zetu zilifunguliwa kwanza na mwalimu mlezi, mwanamke kutoka magharibi mwa nchi, si mtu mbaya. Siku moja aliinua barua yako mbele ya wasichana, ikiwa na madoa kutoka juu hadi chini, akauliza, "Nyambura, nani anakuandikia hivi? Ni mtoto?" Nikamjibu ni mfanyakazi wetu wa shamba, kwamba baba yangu alikuwa na shughuli nyingi. Wasichana wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Likizo ilipofika nilikuambia stempu za barua ni hasara, usijisumbue kuandika. Ulinitazama kidogo. Mwezi uliofuata haikuja barua, wala ule mwingine, wala tena mpaka nikamaliza shule.

Nafikiri ulijua. Mtu aliyefundisha watoto anajua mtoto anapodanganya.

Ndiyo maana nilipohitimu ualimu na kupewa shule kule Mwea, karibu na Wang'uru, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuitafuta nibu. Nilikuja nyumbani, nikakuambia naichukua kalamu yako ikasafishwe. Kwa mwaka mzima niliibeba kwenye mkoba wangu. Kerugoya hawakujua ninachosema. Embu walinionyesha nibu nene ya kuandikia mabango. Karatina mwenye duka aliniuliza kama nimemwombea baba yangu kanisani, kwa maana mkono wa kushoto si wa Mungu. Kila nilipotoka dukani niliona kofia yako mkononi mwako, siku ile.

Nanyuki niliipata, wakati wa likizo ya Agosti, upepo wa mlima ukipitisha vumbi barabarani. Lilikuwa duka jembamba la vitabu na miwani la Mhindi mzee, na nusu ya rafu zilikuwa tupu. Nilirudia maneno niliyokwisha kuyachoka.

"Kushoto?" alisema. "Ngoja, mama. Ilikuwa na memsahibu moja, mama mzungu, upande wa Timau, yeye andika kushoto. Mimi agiza kwa yeye. Halafu Uhuru ikaja, yeye rudi kwao, nibu ikabaki."

Alivuta droo tatu kabla ya kuifikia. Ilikuwa ndani ya kisanduku cha bati, imefungwa kwa karatasi laini. Alinipa kioo cha kukuzia nikaitazama: ncha yake haikuwa imekatwa wima kama nyingine. Ilikuwa imekatwa mshazari, na pembe zake zimeviringishwa ili isichimbe inaposukumwa. Aliifunga kwenye kalamu yako, ikaingia. Akaniambia niijaribu kwa mkono wangu wa kushoto. Nikaandika jina lako, vibaya, lakini nibu iliteleza.

"Nani andika kushoto? Mume yako?"

"Baba yangu."

"Yeye zaliwa hivyo?"

"Hapana."

Aliniangalia, akatazama mlangoni. Aliniongezea chupa ya wino unaokauka upesi, akasema iwe zawadi ya mzee kwa mzee.

Nakumbuka ulivyoipokea. Ulikuwa umekaa nje ukichambua maharagwe. Ulifungua kifuniko, ukaileta nibu karibu na jicho, ukaigeuzageuza hata nikadhani haikukupendeza. Halafu ukamwambia Mama alete ubao wa kukatia mboga uuweke juu ya magoti. Uligeuza karatasi upande, mkono ukakaa chini ya mstari, ukaandika. Ukapitisha kidole juu ya neno. Halikusogea.

Mama hakujua kusoma. Alisimama nyuma yako akiwa na mwiko. "Umeandika nini?"

"Wewe," ulisema. "Jina lako."

Alilitazama mpaka sufuria ikaungua ndani.

Siku zile tatu tulizokaa pamoja zilikuwa njema, na nimezihesabu mara nyingi. Kisha uliniomba nikuletee karatasi ndefu, za mistari, nyingi. Nilikuletea. Nilirudi Mwea, nikaja tena mwisho wa mwezi, nikakuta bahasha nene imefungwa, ina anwani ya mkuu wa wilaya.

"Ni rufani?" nilikuuliza.

"Ardhi imo," ulisema. "Lakini kuna mambo mengine. Meza, bunduki, siku yenyewe, na waliokuwepo. Nimeyaandika kwa mpangilio. Na jina lake."

Wakati huo Hedimani alikuwa naibu wa chifu. Alikaa kiti cha mbele kanisani. Kila mkutano wa hadhara ulifungwa kwa maneno yale yale, kwamba tusahau, tujenge nchi. Nilikuambia hayo. Nilikuambia, "Baba, una hakika?"

"Nimenyamaza miaka kumi na minane kwa sababu mkono haukuweza," ulinijibu. "Sasa unaweza, nawe wataka ninyamaze kwa sababu gani?"

Mimi mwenyewe niliipeleka posta ya Nyeri, mimi mwenyewe nililamba stempu. Sikuifungua. Nilifikiri nitapata nafasi ya kusoma nakala. Hukuweka nakala.

Walikuja saa nne asubuhi, askari wawili, ukiwa unachuma chai. Mama alisema walikuita kwa heshima, wakakungoja uoshe miguu. Mmoja wao aliuliza kalamu iko wapi, akaichukua. Mimi nilipata habari siku ya tatu, nikaja. Nilikwenda kituoni nikaambiwa hujulikani hapo. Nilikwenda kwingine nikaambiwa nirudi kesho. Nilirudi kila kesho. Siku ya tisa ulikuja mwenyewe kwa miguu, na kalamu mfukoni. Mama alikukagua mwili mzima kama mtoto aliyeanguka. Hakukuwa na jeraha.

Hukula. Ulikaa kwenye kigoda, mikono yote miwili juu ya magoti, ule mzuri na ule mbaya, ukaanza kusema bila sisi kuuliza.

"Waliniambia kila nilichoandika ni uongo, na niandike hivyo. Wakaniambia nikikataa, Nyambura hatafundisha tena. Nikawaambia nitatia sahihi. Wakasema hapana, uandike yote kwa mkono wako, kwa kalamu hiyo hiyo." Ulinitazama. "Nikaandika vizuri, Nyambura. Kurasa mbili. Hakuna hata doa moja."

Baba, nimejiuliza mara nyingi kama nilikuletea nibu au nilikuletea wale askari. Najua utasema si mimi. Ungesema hivyo, na ungegeuka kutazama ng'ombe. Lakini mimi ndiye niliyetafuta mwaka mzima, ili nijisamehe kwa lile neno la bweni, na nilichokupa ni uwezo wa kuandika kitu kimoja cha kweli ambacho hakikufika kilikotumwa, na kitu kimoja cha uongo ambacho walikihifadhi.

Hukuandika tena. Watu walikuja na barua zao, ukawaelekeza kwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka wa pili mvua ndefu zilikushika kifua. Hospitalini walikuletea fomu, na muuguzi akakupa kalamu. Ulitikisa kichwa, ukaomba wino wa kidole gumba. "Mzee hajasoma," muuguzi aliniambia kwa upole. Nilitaka kumwambia. Uliniangalia nisiseme, ukabonyeza kidole. Siku nne baadaye ulitutoka.

Sasa nikuambie ya karibuni. Hedimani amekufa, kwa uzee, kitandani mwake. Siku mbili kabla ya maziko binti yake, Muthoni, alikuja kwangu. Unamkumbuka, tuliimba pamoja kwaya. Siku hizi nimerudi kufundisha huku nyumbani, na watu huniomba niandike historia za marehemu zinazosomwa mazikoni. Nimeandika nyingi. Nilimpikia chai. Alikuwa amechoka, macho yamevimba.

"Nyambura, tumeona ni wewe utuandikie ya Mzee. Wewe uko na maneno."

"Siwezi, Muthoni."

"Uko na kazi mingi? Hata kama ni fupi tu."

Nilikuwa sijawahi kuyasema kwa sauti, Baba, si kwa mtu wa nyumba ile. "Babako alivunja mkono wa babangu," nilisema. "Juu ya meza."

Aliweka kikombe chini. Nilingoja akatae. Nilikuwa tayari kwa hilo; ningejua la kufanya.

"Tunajua," alisema.

"Mnajua nini?"

"Ile barua ililetwa kwetu. Haikuenda mahali pengine, walimletea tu. Alitusomea yote, tukiwa tunakula. Alipomaliza akasema, 'Oneni mwandiko wa huyu mtu. Hata sasa bado ananishinda.' Akacheka." Muthoni alikuwa akivuta uzi wa shali yake. "Sisi hatukucheka. Lakini hatukusema kitu."

"Iko wapi?"

"Aliiweka kwa sanduku yake. Miaka hiyo yote."

"Muthoni, iko wapi sasa?"

"Tulichoma makaratasi yake juzi," alisema. "Tulikuwa tunatoa vitu, wageni wapate mahali pa kulala. Mimi ndiye nilichoma. Niliiona. Nilijua ni hiyo."

Alilia. Mimi sikulia, wala sikumfukuza. Tulikaa mpaka chai ikaota utando. Alipoondoka alisema ataiandika historia mwenyewe, na kweli aliiandika, na ilisomwa kaburini, kwamba alikuwa mpenda amani na mtumishi wa watu. Nilikuwepo. Nilisimama na kwaya. Nilifungua mdomo wimbo ulipoanza.

Kwa hiyo, Baba, naandika mimi, na barua hii naiacha wazi, aisome atakayeiona. Ulivunjwa mkono kwa kukataa kutaja wenzako. Ulijifunza kuandika upya kwa mkono usiokuwa wako, ukasema kweli, ukalazimishwa kuikana ili mimi nibaki na kazi. Kipande cha karibu na mto kilikuwa chetu. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine yaliteketea na kurasa zako, na sitayatunga.

Nimeandika kila kitu ila jina lake. Nimejaribu mara tatu tangu asubuhi. Mwanawe mdogo sasa ndiye anayekaa kwenye kiti kile cha naibu wa chifu, nami nina watoto wawili wanaopita mbele ya ofisi yake wakienda shule. Wewe uliliandika, lote, la ubatizo na la ukoo. Mimi nimefika kwenye herufi ya kwanza nikasimama, na nimeacha nafasi yake tupu.

Nisamehe hiyo nafasi, Baba. Pumzika huko uliko.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,

Nyambura